Viazi vya Jibini na Moto wa Juu

Jumapili moja ya mwezi wa Septemba, saa sita na robo mchana, nilikuwa nimekwisha kupanga viazi katika bakuli la kioo, nimevimwagia maziwa na kuvinyunyizia jibini, na nilikuwa nimeinama kuliingiza bakuli hilo katika oveni ndipo umeme ulipokatika. Kuku wa kienyeji alikuwa kwenye gesi tangu saa nne. Wali sikuupika kwa makusudi, kwa kuwa viazi ndivyo vilivyokuwa vichukue nafasi yake. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amefika asubuhi hiyo kwa basi kutoka Mpwapwa, alikuwa ameketi barazani akichambua mlenda ambao hakuna aliyemwomba auchambue.

Nilitoka nje nikamweleza, kwa adabu yote ninayoiweza, kwamba chakula kingechelewa. Aliniuliza hicho chombo changu cha umeme hufanya kazi gani ambayo mkaa hauwezi kuifanya. Nilimjibu kwamba viazi vile vinahitaji moto kutoka juu, si kutoka chini peke yake, ili jibini iive na kupata rangi. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye mlenda wake, akasema, "Sasa si upalie, mwanangu?"

Niliona aibu, kwa sababu mimi nimelelewa Temeke na bibi ambaye hakuwahi kuuepua wali bila kuupalia. Makaa yaliyoshika moto huwekwa juu ya mfuniko, machache hubaki chini, na wali hukauka kwa pande zote mbili. Nilikuwa nimeyaona hayo maelfu ya mara, lakini tangu nilipohamia Dodoma mwaka 2018 pamoja na ofisi yetu na kununua oveni ya kwanza maishani mwangu, nilijiaminisha kwamba viazi vya jibini ni chakula cha oveni na cha watu wenye oveni. Nimeandika makala hii kwa ajili ya wale ambao bado wanaamini hivyo.

Kwanza nieleze chakula chenyewe ni kipi. Ni viazi mviringo vilivyokatwa vipande vyembamba, vikapangwa tabaka kwa tabaka, vikamwagiwa maziwa yenye mafuta na kuokwa hadi maziwa yageuke kuwa mchuzi mzito na jibini ya juu ifanye gamba la rangi ya dhahabu. Huliwa pembeni ya nyama ya kuchoma, kuku au samaki, kama sisi tunavyokula wali au ndizi. Wafaransa, ambao ndio waliokieneza, hukiita gratin, neno linalotokana na kitenzi chao chenye maana ya kukwangua. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu, maana kinachokwanguliwa ni kitu tunachokifahamu vizuri sana, yaani ukoko. Jina la mlo wenyewe, ukiwa umepikwa kwa namna ya jimbo la zamani la Dauphiné, kusini-mashariki mwa Ufaransa, linapatikana katika kumbukumbu za karamu waliyoandaliwa maofisa wa mji wa Gap tarehe 12 Julai 1788. Jambo la kushangaza ni kwamba viazi vya Dauphiné, kwa desturi ya wenyewe, havina jibini hata kidogo; utamu wake hutoka katika maziwa, krimu na kitunguu saumu. Wenye kutia jibini ni majirani zao wa Savoie, ambako ng'ombe hulishwa milimani. Mimi hufuata njia ya kati: maziwa mengi kama watu wa Dauphiné, jibini kiasi kama ya Savoie, na kungumanga ya Zanzibar iliyokwaruzwa kidogo juu yake.

Kazi yote huanzia sokoni. Dodoma hatulimi viazi mviringo kwa kiasi cha maana, kwani ardhi yetu ya ukame inapenda uwele, mtama, alizeti, karanga na zabibu. Viazi tunavyovikuta katika soko la Majengo huletwa kwa malori kutoka nyanda za juu kusini, hasa Njombe, Mbeya na Iringa, na vingi hupita njia ya Mtera. Muuzaji atakuuliza unavitaka kwa kazi gani, nawe usijibu kwa mkato. Ukisema "vya chipsi" atakupa viazi vikavu vyenye unga mwingi, na hivyo ndivyo unavyovihitaji, japokuwa watu wengi hudhani kwamba kwa chakula cha maziwa yafaa viazi laini vyenye majimaji. Viazi vyenye majimaji hubaki vipande vinavyoteleza, kila kimoja kikiwa peke yake, na maziwa hubaki maziwa. Viazi vya unga hutoa wanga unaoshika kila kitu pamoja. Visiwe vikubwa kupita kiasi, na kila chenye ubichi wa kijani kwenye ganda ukikatae, kwa maana rangi hiyo huonyesha kwamba kiazi kilikaa juani na ndani yake kuna sumu iitwayo solanini ambayo kuchemsha hakuiondoi. Kwa joto la Dodoma viazi huota haraka, hivyo mimi hununua sado moja kwa wiki na kuviweka katika kapu mahali penye giza, si katika friji, kwani baridi ya friji hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari na kiazi hubadilika ladha.

Kosa ambalo nimelifanya kwa miaka miwili mfululizo ni kuviosha vipande baada ya kuvikata. Kwa chipsi ni sawa, kwa sababu unataka kuondoa wanga wa juu ili vipande visigandane. Kwa chakula hiki, maji yale meupe unayoyamwaga ndiyo yangekuwa mchuzi wako. Vioshe viazi vikiwa na maganda, vimenye, vifute, kisha vikate vipande vya unene wa milimita 3 hivi na uvitie moja kwa moja katika maziwa.

Sasa vipimo, kwa watu sita. Nachukua kilo 1 ya viazi, nusu lita ya maziwa, gramu 150 za jibini, kijiko kikubwa kimoja cha siagi, punje mbili za kitunguu saumu, kijiko kidogo cha chumvi kisichojaa, pilipili manga na kungumanga kidogo. Jibini yenyewe ina chumvi, kwa hiyo anayeongeza chumvi kwa mkono mzito atajuta.

Kuhusu maziwa ninalo la kusema zaidi. Krimu huuzwa katika maduka makubwa ya mjini, lakini bei yake hunifanya niirudishe rafuni. Badala yake nanunua maziwa mabichi kwa jirani anayefuga, nayachemsha hadi yafure vizuri, jambo ambalo si la hiari kwani maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa bruselosi, kisha nayaacha yapoe usiku kucha. Asubuhi juu yake kunakuwa na utando mnene wa manjano, ambao bibi yangu aliupaka kwenye mkate na kuninyima. Utando huo pamoja na kijiko cha siagi hutosha kabisa kushika nafasi ya krimu. (Mama mkwe, ambaye wilayani kwao Mpwapwa kuna kituo cha utafiti wa mifugo kilichozalisha aina ya ng'ombe inayoitwa kwa jina la mji huo huo, alitaka kujua kwanza ng'ombe wa jirani ni wa aina gani. Sikujua la kumjibu, naye hakulisahau hilo siku nzima.)

Kuna siku niliwahi kujaribu maziwa mgando. Niliona katika maelezo ya Wamarekani kwamba wao hutia krimu chachu, hasa katika viazi vya jibini vinavyopikwa jimbo la Utah na majirani zake kwa ajili ya wafiwa, hata vikaitwa viazi vya msibani. Nikajiambia kwamba maziwa mgando ya Ugogoni hayawezi kushindwa na kitu cha Utah. Yalishindwa vibaya. Yaligawanyika yakawa maji na mabonge, na viazi vilionekana kama vimepikwa kwa dawa ya chokaa. Sababu nimeielewa baadaye: krimu chachu ina mafuta mengi yanayoilinda, ilhali maziwa mgando yetu yana mafuta machache na ukali mwingi, na protini iliyokwisha kuganda kwa ukali hukamuliwa maji yake mara tu ipatapo moto. Maziwa mgando na yabaki na ugali wa uwele, ambako hakuna anayeyazidi.

Jambo hilo hilo la ukali ndilo linaloeleza kwa nini jibini moja huyeyuka na nyingine hukataa. Ndani ya jibini kuna nyavu za protini zilizofungwa kwa madini ya kalsiamu, na katikati ya nyavu hizo yamo mafuta. Joto likifika, mafuta huyeyuka kwanza, kisha nyavu hulegea na jibini hutiririka. Ile iliyogandishwa kwa ndimu au siki, ambayo baadhi yetu huitengeneza nyumbani, haitiririki kamwe. Hukauka na kuwa kama sifongo. Jibini iliyogandishwa kwa kimeng'enya na kukomaa kiasi, kama gouda, hutiririka vizuri na ina ladha. Mozzarella huvutika kama mpira, watoto huipenda, lakini ladha yake ni hafifu, hivyo mimi huichanganya na gouda, theluthi moja kwa mbili. Kuna jibini nzuri inayotengenezwa Njombe, na nikiipata sitafuti nyingine; viazi na jibini vikitoka mkoa mmoja huonekana kuelewana. Nunua kipande, ukikwaruze mwenyewe kwa kifaa cha kukwaruzia karoti. Ile inayouzwa ikiwa imekwaruzwa hupakwa unga wa wanga ili isigandane, na unga huo huizuia kuyeyuka ikawa laini.

Siku ile umeme ulipokatika, mjukuu wa mama mkwe naye alitaka kuwa na msaada. Alikimbia barazani akamtangazia bibi yake kwamba leo tunakula viazi vya chizi. Mama mkwe aliuliza, kwa utulivu mkubwa, ni chizi gani huyo na kwa nini viazi vyake vililetwa hapa. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu tunasema jibini, neno la Kiswahili lililokuwapo siku zote.

Upishi wenyewe una hatua ambayo maelezo mengi huiruka, nayo ndiyo inayookoa muda. Kabla ya kwenda kwenye oveni au kwenye mkaa, vipande vya viazi vichemshwe katika maziwa yenyewe, pamoja na kitunguu saumu kilichopondwa, chumvi na viungo, kwa moto mdogo, dakika nane hadi kumi. Koroga taratibu kwa mwiko bila kuvunja vipande. Utaona maziwa yanaanza kuwa mazito na kuupaka mwiko; huo ni wanga unaovimba. Ukingoja hadi viazi viive kabisa umechelewa. Vinatakiwa viweze kupindika bila kukatika.

Hapa niseme neno kuhusu Dodoma yenyewe. Mji wetu uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 za Selsiasi badala ya 100. Ndani ya bakuli la viazi joto haliwezi kupanda sana kupita hapo maadamu kuna unyevu, hata oveni ikiwa na nyuzi 180. Vipimo vya dakika nilivyokuja navyo kutoka Dar es Salaam vilikuwa vikinipa viazi vyenye kiini kigumu, nami nikawalaumu wauzaji wa Majengo bila haki. Ongeza robo saa, na usiondoke jikoni ukiamini saa kuliko kisu: kisu kikizama hadi chini bila kukwama, viazi vimeiva.

Mwenye oveni na umeme usiokatika apake bakuli siagi, amimine nusu ya viazi, anyunyize theluthi ya jibini, amalizie viazi vilivyobaki, afunike kwa karatasi ya alumini na kuoka kwa nyuzi 180 kwa dakika 35 au 40. Kisha afunue, amwage jibini iliyobaki juu na kuoka tena dakika 20 bila mfuniko. Kufunua ni lazima, kwa kuwa kitu chenye maji juu yake hakiwezi kupata rangi ya kahawia. Rangi hiyo huja pale uso unapokauka na joto lake kupanda mbali kupita kiwango cha maji kuchemka. Jibini yote ikitiwa mwanzoni huungua kabla viazi havijaiva, au hutoa mafuta yote yakaelea kama dimbwi.

Asiye na oveni, au aliyekatiwa umeme kama mimi, asikilize sasa. Bakuli la kioo usilithubutu juu ya makaa, litapasuka. Nilihamishia viazi vyangu katika sufuria nzito yenye kitako kinene niliyoipaka mafuta ya alizeti hadi kwenye kingo, na kwa kuwa jibini ilikuwa imekwisha kutangulia juu, niliikwangua kadiri nilivyoweza na kuirudisha baadaye. Mkaa uwashwe nje, ungojewe hadi uwe mwekundu na usiwe na moshi. Ndani ya chumba kilichofungwa usiuwashe, kwani gesi yake ya sumu haina harufu na huua watu waliolala. Makaa manne au matano madogo hubaki chini, yakiwa yamefunikwa majivu kidogo ili makali yake yapungue. Yaliyobaki, mara mbili ya hayo au zaidi, ni ya kuwekwa juu ya mfuniko bapa wa chuma, lakini si yote kwa mara moja. Kwa muda wa nusu saa ya kwanza mimi huweka makaa machache juu, kwa ajili ya kuiva tu. Kisha nafunua, namwaga jibini, narudisha mfuniko na kupalia makaa mengi yaliyo hai kwa dakika 15.

Nilidhani mvuke ungegeuka matone chini ya mfuniko na kuilowanisha jibini, kama inavyotokea tunapofunika chakula cha moto kwa sahani. Haukufanya hivyo, na nilipofikiri nikaona sababu: mvuke hugeuka matone ukigusa kitu chenye ubaridi kuliko wenyewe, na mfuniko uliobeba makaa ni wa moto kuliko mvuke. Nilichokifanya ni kuacha mwanya mdogo upande mmoja kwa kijiti ili mvuke utoke. Tatizo la kweli ni majivu. Mfuniko haunyanyuliwi kwa kuuinamisha. Unanyanyuliwa ukiwa umelala vilevile, kwa koleo, na kuwekwa pembeni juu ya mawe. Mara ya kwanza niliuinamisha. Mama mkwe aliona, hakusema neno, akachukua kijiko akaondoa sehemu iliyoingia majivu na kumpa paka wa jirani.

Vikishaiva, viache vipumzike robo saa kabla ya kupakua, jambo gumu kuliko yote kwa sababu harufu inakuwa imekwisha kuita watu. Mchuzi ukiwa wa moto mno ni mwepesi na hukimbia kwenye sahani. Ukipoa kidogo wanga hukaza na kila mtu hupata kipande kinachosimama. Siku hiyo tuliketi mezani saa nane kasoro, kuku katika mchuzi wake wa nyanya, mlenda wa mama mkwe katika bakuli lake, na sufuria ya viazi katikati, gamba lake likiwa na madoa meusi hapa na pale ambayo oveni yangu haijawahi kuyafanya. Yalikuwa na ladha ya moshi kidogo. Nakiri kwamba yalikuwa bora, na tangu hapo nimepalia hata siku ambazo umeme upo.

Kuhusu mlenda na viazi vya jibini kuwa katika sahani moja, sipendekezi, lakini aliyefanya hivyo alimaliza vyote na hakuomba ushauri wangu.

Kiporo kiwekwe katika friji kikishapoa. Asubuhi hukatika vipande safi kama mkate, na ukikaanga kipande kwa mafuta kidogo kwenye kikaango kizito, upande wa chini ukashika ukoko mpya, ni kifungua kinywa kizuri sana kwa chai ya rangi. Sisi hatukubahatika kukijaribu Jumatatu ile. Nilipoamka saa kumi na mbili niliikuta sufuria nje ya friji, kavu, na mama mkwe ameketi barazani na kijiko, akimalizia kukwangua pembeni.